Mkono Nilioushika Chini ya Maji

Wazo la utepe lilikuwa langu, na nililitangaza mezani mbele ya wageni wote wa boti kana kwamba nimevumbua moto. Tulikuwa siku ya pili ya likizo ya wiki nzima baharini, katika boti ambayo mtu hulala humo, hula humo na kuzama na mtungi wa hewa mgongoni mara nne kwa siku, na tayari nilikuwa nimegundua kwamba mtu akishavaa suti nyeusi ya mpira, kofia ya mpira, miwani na kipumulio, hata mama yake mzazi hawezi kumtambua. Kwa hiyo nilifunga utepe mwekundu, mwekundu wa kuumiza macho, kwenye shingo ya mtungi wa mke wangu, ili nisimpoteze. Mke wangu aliutazama, akanitazama na mimi, kisha akasema, "Haya, mume wangu," kwa ile sauti anayoitumia anapoweka kumbukumbu.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba maji humeza rangi, na nyekundu ndiyo humezwa kwanza. Ukifika mita 10 imekwisha kufifia, na kwenye mita 18 imegeuka kijivu cha matope. Kiongozi wetu alikuwa ameyaeleza hayo yote usiku wa kwanza, kwa mchoro na kwa ufasaha, lakini wakati huo mimi nilikuwa nimeukumbatia ukingo wa boti, nikirudisha baharini chakula cha jioni.

Tulizama asubuhi, kila mmoja na mtungi wa lita 12 uliojazwa hewa kwa shinikizo la bari 200, tukashuka kando ya ukuta wa matumbawe ambako boti nyingine mbili zilikuwa zimefunga kamba kwenye maboya ya jirani. Nilipofika chini niligeuka kuutafuta utepe wangu. Niliona watu kumi na kitu, wote weusi, wote wakitoa mapovu, na hakuna mwekundu hata mmoja. Kanuni inasema wenzi wa kuzama wakipoteana watafutane kwa dakika moja tu, kisha kila mmoja apande juu taratibu wakutane huko. Naijua kanuni hiyo vizuri sana. Tatizo ni kwamba ili uifuate ni lazima kwanza ukubali kwamba umepotea, na mimi sikuwa nimepotea, kwa sababu mbele yangu kulikuwa na mzamiaji mfupi, mwembamba, mwenye kitu cha kijivu kinachopepea kwenye mtungi. Nikamfuata.

Tulitembea pamoja kwa zaidi ya nusu saa. Nilimwonyesha kasa, akanijibu kwa ishara ya kidole gumba na cha shahada vilivyoungana, kwamba mambo ni shwari. Nilipoona tumeanza kupanda na kipimo changu cha hewa kimeshuka hadi bari 70, tukasimama kwenye mita 5 kusubiri zile dakika 3 za kuupa mwili nafasi ya kutoa naitrojeni, gesi ya hewani inayojikusanya mwilini mtu akiwa chini. Dakika 3 za kuning'inia bila kazi ni ndefu, na bahari ilikuwa nzuri, na ndoa yetu ina miaka mingi. Nikamshika mkono.

Hakuutoa. Nikauminya kidogo, naye akauminya wangu kwa upole, jambo ambalo mke wangu hajalifanya tangu tulipomaliza kulipa mkopo wa nyumba. Kwa mkono wake mwingine alianza kunyoosha kidole huku na huku, akirudia tena na tena, kisha akatikisa kichwa. Nilidhani anahesabu samaki. Nikatikisa kichwa na mimi, kumuunga mkono, kwa maana kweli walikuwa wengi.

Tulipochomoza juu, nilitoa kipumulio na, kabla sijafuta maji kwenye miwani, nikasema kwa sauti ya mtu aliyefurahi, "Mpenzi wangu, leo umenitunza kweli."

Akavua miwani. Chini yake kulikuwa na masharubu mazito, yaliyotunzwa vizuri.

"Asante, kaka," alisema kwa adabu, "lakini wewe ni wa boti gani?"

Alikuwa kiongozi wa wageni wa boti ya jirani. Alikuwa amezama na watu sita, akawa anahesabu saba, na kwa kuwa yule wa saba alimng'ang'ania mkono, aliamini ni mgeni aliyeingiwa na hofu. Aliyefunzwa kazi hiyo hamwachi mtu mwenye hofu. Kitu cha kijivu mtungini mwake kilikuwa kitambaa cha njano kilichochakaa.

Walinipandisha kwenye boti yao kwa ngazi, wakanipa taulo, na nahodha wao akachukua redio kuiita boti yetu, ambako, kama nilivyokuja kuelezwa baadaye, mke wangu alikuwa ameifuata ile kanuni ya dakika moja kikamilifu, akapanda juu, na mabaharia walikuwa wakikagua maji kwa darubini wakitafuta mapovu yangu.

"Tunaye mume wa mtu hapa," alisema nahodha. "Ni mzima. Amekuja ameshikana mikono na kiongozi wetu."

Redio ilikoroma kidogo. Kisha nikasikia sauti ninayoifahamu ikimwuliza nahodha wetu, bila haraka yoyote, "Hebu waulize kwanza kama wana haja naye."

Nilirudishwa kwa boti ya mpira. Utepe ulikuwa bado kwenye mtungi wa mke wangu, juani, mwekundu wa kuumiza macho.

Kesho yake tulizama tena kwenye ukuta uleule, na yule kiongozi akatupita kwenye mita 12 na kundi lake. Aliponitambua, alitikisa kichwa kunisalimu, kisha akaificha mikono yote miwili nyuma ya mgongo.