Wakuu wa kampuni Nairobi: wakitabiri ngoja kidogo, wakilalamika tega sikio

Kila baada ya miezi miwili hivi, kabla Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Kenya haijaketi kuamua riba, wakuu wa kampuni hutumiwa maswali na benki hiyo. Mauzo yamekuwaje? Maagizo mapya yapo? Malighafi imepanda bei? Kisha lile ambalo vyombo vya habari hulikimbilia: unauonaje mwaka ujao? Utafiti ni wa nchi nzima, lakini wengi wa wanaojibu wana makao yao makuu Westlands, Upper Hill, Industrial Area au kandokando ya Mombasa Road. Wakiulizwa kuhusu Kenya, dirisha wanalochungulia ni la Nairobi. Si kosa lao pia, maana kaunti hii moja huzalisha zaidi ya robo ya pato la taifa.

Majibu yao yana tabia moja isiyobadilika sana. Mkuu wa kampuni huwa na imani na kampuni yake kuliko sekta yake, na sekta yake kuliko uchumi wa nchi. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Ila ukikaa ukapiga hesabu utacheka: kama kila kampuni itafanya vizuri kuliko wenzake, hao wenzake watakaofanya vibaya ni akina nani?

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema tafiti hizi ni porojo za watu walioshiba. Mkuu wa kampuni hatabiri mvua akiwa amekaa tu. Yeye ndiye mwenye kalamu. Akiamini mwaka ujao ni mzuri, anatia saini lori jipya, anakodi godauni Athi River, anaajiri vijana kumi. Akiogopa, barua za kazi zinalala kwenye droo. Matumaini yake yana namna ya kujitimiza yenyewe.

Kuna pia suala la kasi. Takwimu rasmi za pato la taifa hutufikia miezi mitatu hivi baada ya robo kwisha. Kipimo cha PMI cha benki ya Stanbic, yaani kipimo cha kila mwezi cha hali ya biashara za sekta binafsi, kinachotokana na majibu ya mameneja wa ununuzi wa kampuni zipatazo 400, hutoka siku chache tu baada ya mwezi kumalizika. Juni 25, 2024 vijana waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha waliingia Bunge, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kuwa hatautia saini. Kipimo cha Julai kikaanguka hadi 43.1. Mwenye duka Moi Avenue aliyekuwa akifunga mabati kila Jumanne na Alhamisi hakuhitaji kipimo chochote kumwambia, lakini wapanga sera walikihitaji.

Mwezi uliofuata kipimo kilirudi 50.6, na hapa ndipo wengi hupotoshwa. Chini ya 50 maana yake waliosema hali imekuwa mbaya ni wengi kuliko waliosema imekuwa nzuri. Juu ya 50 ni kinyume chake. Kinacholinganishwa ni mwezi huu na uliopita, basi. Duka lililofungwa Julai likafunguliwa Agosti litajibu "afadhali", hata kama linauza nusu ya lilivyokuwa likiuza Mei. Mgonjwa aliyetoka ICU akapelekwa wadi ya kawaida naye ni afadhali. Swali la miezi 12 ijayo huulizwa kando, na mwaka huo matumaini yalibaki miongoni mwa ya chini kabisa tangu utafiti uanze, hata kipimo kilipovuka 50.

Mfano mwingine ni wa mwisho wa 2024. Novemba na Desemba PMI ilikuwa juu ya 50, yaani biashara zilisema zinasonga. Miezi hiyohiyo, mikopo ya benki kwa sekta binafsi ilikuwa inasinyaa: Desemba ilikuwa chini kwa asilimia 1.4 ikilinganishwa na mwaka mmoja nyuma. Sehemu ya hilo ilitokana na shilingi kupata nguvu, hivyo mikopo ya dola ikawa midogo ikihesabiwa kwa shilingi. Lakini sehemu nyingine ni kwamba riba ilikuwa karibu asilimia 17, na mtu mwenye imani ya kweli na kesho hukopa. Midomo ilisema mbele, mifuko ikasema subiri.

Tuwatendee haki: sababu za kutabasamu zipo. Dola iliyokuwa ikinunuliwa kwa shilingi 160 Januari 2024 imetulia karibu 129. Mfumuko wa bei uliofika asilimia 9.6 Oktoba 2022 ulishuka hadi 2.7 miaka miwili baadaye. Riba ya Benki Kuu imepunguzwa kutoka asilimia 13 hadi 9 kufikia Desemba 2025. Mwagizaji wa vipuri wa Kirinyaga Road sasa anaweza kumtajia mteja bei leo na kuiheshimu wiki ijayo. Hilo si dogo. Ila bei kutulia ni jambo moja, na mteja kuingia dukani ni jambo jingine.

Ndiyo maana mimi husoma utafiti huo wa Benki Kuu kuanzia mwisho, pale wanapoorodhesha yanayowakwaza. Utabiri wao ni maoni. Malalamiko yao ni taarifa. Wakisema wateja wamepungua, wanasoma hati ya mshahara ya mfanyakazi wao wenyewe bila kujua: ushuru wa nyumba asilimia 1.5, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Bima ya afya asilimia 2.75 tangu Oktoba 2024; makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yanayopanda kila mwaka. Mfanyakazi wa Kitengela au Ruiru akishakatwa hayo yote, akalipa nyumba na matatu, kinachobaki ndicho soko lenyewe la hao wakuu wanaoulizwa.

Au chukua kilio cha madeni ya serikali. Kufikia katikati ya 2025 Kaunti ya Nairobi peke yake ilikuwa ikidaiwa na wazabuni zaidi ya shilingi bilioni 80, karibu nusu ya malimbikizo ya kaunti zote 47. Nyuma ya tarakimu hiyo yuko mtu aliyesambaza dawa hospitalini au kukarabati barabara ya mtaa, akakopa ili atimize zabuni, na anasubiri City Hall, makao ya serikali ya kaunti, mwaka wa tatu. Kampuni kubwa inaweza kuketi na benki ikapanga upya mkopo. Huyu mdogo anaachisha watu kazi, kisha anaanza kukwepa simu za dalali wa mnada. Yeye hatumiwi maswali, lakini mkuu wa kampuni aliyemuuzia saruji kwa mkopo anatumiwa, na uchungu unapanda hadi juu kwa njia hiyo.

Wasioulizwa ni wengi mno. Mwaka 2024 Kenya ilipata nafasi mpya za kazi 782,300; kati ya hizo 703,700 zilikuwa za sekta isiyo rasmi, yaani jua kali, vibanda, bodaboda. Fundi wa masanduku Kamukunji na muuza mitumba Gikomba nao wana imani au hofu kuhusu kesho, tena wanaionyesha kwa pesa taslimu. Ukitaka kipimo cha matumaini Eastleigh, uliza bei ya gudwili, ile pesa mpangaji anayotoa ili tu akubaliwe kuingia kwenye stoli, kabla hata ya kodi. Hakuna anayelipa gudwili kwa ajili ya kupendeza kwenye utafiti.

Kipimo cha PMI kilikuwa 46.8 Julai 2025, baada ya maandamano mengine na maduka kuporwa katikati ya jiji. Kufikia Novemba kikapanda hadi 55. Huo ni mruko wa kweli, na sitaubeza. Lakini Agosti 2027 kuna uchaguzi, na mtaji una kumbukumbu: Oktoba 2017, mwezi wa uchaguzi wa marudio, kipimo hicho kilidondoka hadi 34.4. Wakuu wa kampuni wakiandika tena kwamba mwaka ujao ni mzuri, nitapekua ukurasa wa malalamiko kuona kama bili za City Hall bado zimo. Kisha nitapanda matatu ya Eastleigh nikaulize stoli zinakwendaje.