Koma si Mahali pa Kupumua

Juma lililopita kijana mmoja alinionyesha insha yake ya Kiingereza iliyosahihishwa. Karibu kila koma ilikuwa imezungushiwa duara jekundu, na chini kabisa mwalimu alikuwa ameandika sentensi moja tu: weka koma pale unapovuta pumzi. Kijana alikuwa amefanya hivyo hasa. Aliisoma insha kwa sauti, akapumua, akaweka koma, na sasa ameanza kuamini kwamba hana kipaji cha lugha. Liliniuma jambo hilo, kwa sababu kosa si lake, ni la kanuni aliyopewa.

Tazama sentensi yake moja: "I was tired, I slept." Katika Kiingereza sanifu hilo ni kosa, maana vishazi viwili vinavyojitegemea havishikizwi kwa koma peke yake, panahitajika kiunganishi, nukta mkato au nukta. Lakini kichwani mwake alikuwa akisema, "Nilichoka, nikalala," na hiyo ni sentensi safi isiyo na doa. Kiunganishi chetu kimo ndani ya kitenzi: ile "-ka-" ndiyo inayolifunga tendo la pili kwenye la kwanza, na koma haibebi mzigo wowote. Kiingereza hakina "-ka-". Kazi hiyo hufanywa na neno linalosimama peke yake, na lisipokuwapo, sentensi mbili hubaki zimelazwa kitanda kimoja bila ndoa. Mwanafunzi akielezwa hili kwa dakika 5 ataliona kosa lake mwenyewe. Akiambiwa apumue, hajaambiwa kitu.

Nakubali, shingo upande, kwamba kanuni ya pumzi ina ukoo wa kale. Aristophanes wa Byzantium, mkutubi wa Alexandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alibuni nukta za kumwonyesha msomaji mahali pa kutua. Hata hivyo, zile zilikuwa alama za kusomea kwa sauti, ilhali koma ya leo hubeba maana. Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria iliorodhesha kazi zisizostahili malipo ya saa za ziada, ikamalizia kwa "packing for shipment or distribution", bila koma kabla ya "or". Madereva wa kampuni ya maziwa wakadai kuwa kilichotajwa ni ufungashaji tu, wala si usambazaji wanaoufanya wao. Mwaka 2017 mahakama ya rufani iliona utata huo ikaamua kesi kwa upande wao, na mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Hakuna pafu lililoulizwa hapo.



Tuliketi na kijana yule, tukapigia mstari kila kitenzi pamoja na kiima chake, kisha nikamwuliza ni neno gani limeviunganisha. Kwenye mstari wa nne alinyamaza, akachukua kalamu, akaandika: "I was tired, so I slept."