Jiwe, Ruta na Mama Mkwe

Wageni wanaofika Mwanza hushuka hadi ufukweni, wakalipiga picha Jiwe la Bismarck, wakastaajabia namna mawe yalivyobebana juu ya maji, kisha wakaenda zao kula sato. Mimi jiwe langu liko ndani ya nyumba. Nimepanga Mabatini, mlimani, mahali ambapo aliyejenga nyumba hii alikuta jiwe kubwa kama daladala, akapiga hesabu ya kulipasua, hesabu ikamshinda, akaamua kuligeuza ukuta. Upande mmoja wa jiwe ni sebule, na upande wa pili ni chumba chetu cha kulala, chenye meza yangu ya kazi. Kwa miaka minne sikuwa na ugomvi na jiwe hilo. Hata wakati wa joto Mama Kulwa huegesha mtungi wa maji pale chini, na maji hupoa vizuri. Ugomvi ulianza nilipoingiza intaneti ya waifai.

Kila siku saa moja jioni ninapaswa kumtumia tajiri wangu hesabu za duka la vipuri. Faili huanza safari kwa heshima, hufika asilimia 94, halafu husimama hapo kama gari lililoishiwa mafuta hatua chache kabla ya kituo. Nikipiga simu huduma kwa wateja, dada mwenye sauti laini hunielekeza nizime ruta, yaani kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, nisubiri sekunde 30, kisha niiwashe. Nimetii. Katika wiki mbili nimeizima na kuiwasha mara nyingi kuliko umeme wa mtaa mzima unavyokatika na kurudi, na kila mara ile taa ya kijani imeniwakia bila haya.

Hatimaye wakamtuma fundi. Kijana huyo alisimama hatua moja mbele ya ruta, akatoa simu yake, akapima, akanionyesha tarakimu nzuri mno, akasema, "Mzee, mtandao uko vizuri kabisa." Nilimjibu kwamba mimi sifanyii kazi juu ya ruta. Akacheka, akamaliza soda, akaniomba niweke saini ya kwamba tatizo limetatuliwa.

Jambo lililoniudhi zaidi ni zile alama za mawimbi kwenye simu, kwa maana mara nyingine zilijaa zote nne na bado hakuna kilichofunguka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alama hizo hupima mawasiliano kati ya simu na ruta tu, wala hazina habari na kinachoendelea baada ya hapo. Ni sawa na kupewa uthibitisho kwamba umefika stendi ya Nyegezi. Iwapo basi la Dar es Salaam lipo au limeharibikia njiani, hilo ni suala jingine.

Kwa hiyo nikaamua kuwa fundi wa nafsi yangu. Nilinunua waya, nikaunganisha kompyuta moja kwa moja na ruta, na faili likaondoka kabla sijakaa sawasawa. Basi ikathibitika kwamba hadi kwenye ruta mambo ni mazima, na ugonjwa uko hewani. Hapo ndipo nilipoitazama ruta yenyewe kwa makini kwa mara ya kwanza: Mama Kulwa alikuwa ameiweka ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya seti ya sufuria za harusi yetu, na juu yake ametandika kitambaa cha kufuma. Kitambaa hakina kosa. Sufuria ndizo zenye kosa, kwa sababu chuma hurudisha mawimbi yalikotoka. Niliomba ruta ihamishiwe juu ya kabati, na ombi hilo likajadiliwa siku mbili, kwa kuwa mahali hapo palikuwa pa maua ya plastiki.

Tulipata nafuu kidogo. Nikaendelea na uchunguzi, nikagundua kwamba mlima huu, kwa jinsi nyumba zilivyokaa moja juu ya bega la nyingine, una mitandao 14 inayofika hadi kitandani kwangu, mmoja ukiitwa "Nunua Chako", na tisa kati yake imebanana kwenye chaneli namba 6, yaani njia moja ya mawimbi. Niliihamisha ya kwangu kwenda chaneli ya 11, ambayo haiingiliani na ya 6. Kisha nikajaribu masafa ya gigahezi 5, yenye kasi ya ajabu, lakini yalipofika kwenye jiwe yakafa papo hapo. Yale ya gigahezi 2.4, ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimita 12 hivi, sawa na sato mchanga ambaye ukikutwa naye mwaloni utajieleza, hupenya vikwazo vizuri zaidi; ila jiwe hili halijali sato wala sangara.

Mtaniuliza kwa nini nisifanyie kazi sebuleni. Saa moja jioni sebule ni ya tamthilia, ya Kulwa na Doto, na ya majirani watatu wanaokuja kuitazama hiyo tamthilia.

Nilibeba kompyuta nikazunguka nyumba nzima kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea, nikapima kila kona. Mawimbi, nadhani, hutoka kwa dirisha la sebule, yakagonga uzio wa mabati wa jirani, yakarudi na kuingia kwa dirisha la chumba cha wageni, ambako yamejaa tele. Katika chumba hicho amelala mama mkwe, aliyetoka Magu kuja kutibiwa mguu. Kwetu mtu hakai kiti kimoja na mkwewe, sembuse kuingia chumbani kwake na kompyuta mkononi.

Kwa sasa, basi, ofisi yangu ni pipa la maji lililo nje, chini ya dirisha lake. Nikigusa pipa likilia, sauti hutoka nyuma ya pazia ikiuliza ni nani, na kwa kuwa siwezi kumweleza mkwe habari za chaneli ya 11, humwamkia. Jana faili lilikuwa asilimia 97 nilipoteleza kidogo.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mkwe wangu. Hii ni mara ya tano tangu jua lizame." Akanyamaza kidogo. "Hebu niambie, umemkosea nini mwanangu?"