Ivan Bilibin na mizani isiyo yake

Lawama dhidi ya Ivan Bilibin, Mrusi aliyechora picha za vitabu vya hadithi za kale, ni za miaka mingi. Wanaomshusha wanasema ni mrembaji tu, hakufikia kuwa mchoraji. Watu wake hawana damu, nyuso zao ni kama vinyago, na mtindo alioupata akiwa kijana wa miaka 23 ndio aliokufa nao akiwa na 65. Ipo na lawama ya pili, chungu zaidi: kwamba alimtumikia kila aliyeshika dola.

Ile ya kwanza ina ukweli ndani yake, na sitaki kuupitia mbali. Mweke Bilibin kando ya mwalimu wake, Ilya Repin, aliyejua kukuonyesha uchovu wa wavuta mashua wa mto Volga mpaka mabega yako yakauma, na utaona mara moja kinachokosekana. Wala mtindo wenyewe hakuuzua peke yake. Mwaka 1899 alisimama mbele ya picha kubwa ya Viktor Vasnetsov ya mashujaa watatu juu ya farasi, akatoka hapo amebadilika. Na lile wimbi lililobeba pipa la malkia na mwanawe katika hadithi ya Tsar Saltan, aliyoichora mwaka 1905, povu lake limejikunja kama makucha: ni wimbi la mchoraji Hokusai wa Japani, halikujificha.

Lakini kabla ya kumhukumu fundi, uliza kazi yake ilikuwa inakwenda wapi. Picha ya Repin ilikwenda ukutani. Ya Bilibin ilikwenda kiwandani. Hadithi zake za kwanza, kati ya 1901 na 1903, zilichapwa na kiwanda cha serikali cha St. Petersburg kilichokuwa kikichapa noti za fedha. Nimekuwa nikilirudia jambo hili kichwani kwa muda mrefu, kwa sababu naona ndilo linalofungua kila kitu. Wachapaji wale walizoea mstari usiotetereka hata unywele mmoja, maana noti yenye mstari legevu ni rahisi kuighushi. Walichapa kwa mawe, na kila rangi ilitaka jiwe lake. Kivuli kinachofifia polepole kingewasumbua. Rangi bapa iliyozungushiwa mstari mweusi ingetoka safi.

Sasa tazama alivyofanya kazi. Alianza na penseli, akahamishia kwenye karatasi ya kunakilia, kisha kwenye karatasi nzito. Hapo akachukua brashi nyembamba iliyokatwa ncha, akaishika wima kama mchonga nakshi anavyoshika patasi, akapiga wino. Rangi ya maji ilikuja mwisho, bila kuchanganyika na jirani yake. Wenzake walimwita Ivan Mkono wa Chuma. Wanaouita ubapa huo upungufu wanamlaumu mtu kwa kujua mashine yake.

Na ukurasa wake si mkavu hata kidogo. Chukua Baba Yaga wa mwaka 1900, yule kizee mchawi wa msituni. Anasafiri ndani ya kinu, kinu cha kutwangia, mchi mkononi, na ufagio wa kufutia nyayo zake. Pembeni kuna mti wa gome jeupe, chini kuna uyoga mwekundu wenye madoa. Kila kitu kinagusika. Kurasa zake nyingi zimepangwa kwa namna ambayo msomaji wa pwani ataielewa bila kufundishwa: kuna pindo na kuna mji, kama kanga, na pindo nalo linasema. Mapambo hayo hakuyaota. Kati ya 1902 na 1904 alizunguka Vologda, Arkhangelsk na Olonets, akikusanya tarizi na kupiga picha makanisa ya mbao.

Lawama ya pili inahitaji tarehe. Mwaka 1906 alimchora punda ndani ya fremu ya kifalme, kejeli ya wazi kwa Tsar, mfalme wa Urusi. Gazeti lililoichapa picha hiyo likafungwa, naye akawekwa ndani kwa muda mfupi. Mwaka 1917, Tsar akiwa ameanguka, aliichorea Serikali ya Mpito tai wa vichwa viwili, akamvua mataji na fimbo ya enzi. Mwaka 1920 alikimbia kwa meli kutoka Novorossiysk hadi Misri, akaishi huko miaka mitano, akiwapambia Wagiriki matajiri na kuchora picha za kanisa. Kisha Paris. Halafu mwaka 1936, baada ya kupamba ubalozi wa Kisovieti kwa picha ya Mikula, mkulima shujaa, akarudi Leningrad, jina jipya la St. Petersburg.

Kurudi kwake chini ya utawala wa Stalin mwaka ule hakunipendezi, na anayemlaumu kwa hilo ana haki. Ila angalia alichomchorea kila mmoja wa mabwana hao. Mikula ni shujaa wa tenzi za kale zilezile alizokuwa akizipenda kabla ya mapinduzi. Dola zilibadilika, mada haikubadilika. Tai wake asiye na taji ndiye aliyechukuliwa na benki kuu ya Urusi mwaka 1992 akawekwa kwenye sarafu, akabaki kwenye sarafu mpya mpaka 2016, nusu karne na zaidi baada ya aliyemchora kuzikwa. Kigeugeu gani huyo, ambaye mstari wake haukuyumba?

Mzingiro wa Leningrad ulipoanza katika Vita Kuu ya Pili, aliambiwa ahame. Akakataa. Nyumba yake ilipoharibiwa alihamia chini ya jengo la Chuo cha Sanaa alikokuwa akifundisha, na katika baridi na njaa ile aliendelea kuchora vielelezo vya tenzi. Njaa ilimuua tarehe 7 Februari 1942. Alizikwa pamoja na maprofesa wenzake katika kaburi moja, na tenzi zake hazikumalizika.