Dozi ileile, cheti tofauti: chanjo na karantini kati ya Nairobi na London

Mwishoni mwa Julai 2021 Uingereza iliahidi kuipa Kenya dozi 817,000 za AstraZeneca, chanjo ya korona. Kanuni mpya za wasafiri zilipoanza kutumika England tarehe 4 Oktoba, aliyechanjwa Nairobi kwa dozi hizohizo alihesabiwa kama hajachanjwa: apime kabla ya kupanda ndege, ajifungie nyumbani siku 10, apime tena siku ya 2 na ya 8. Mwenzake aliyechanjwa London alidaiwa kipimo kimoja tu, cha siku ya 2.

Wengi waliuita utaratibu huo ubaguzi. Hata hivyo, London ilikuwa na hoja: tatizo ni cheti, si chanjo. Afisa wa uwanja wa ndege haioni kinga iliyo mwilini, anaona karatasi. Anataka jina linalolingana na pasipoti, aina ya chanjo, tarehe ya kila dozi (ya mwisho iwe imetimiza siku 14), na namna ya kuhakikisha kwamba cheti hakikuchapwa stesheneri ya mtaani. Vyeti feki vilikuwepo, tusidanganyane.

Ila hoja hiyo inavuja. Tangu tarehe 2 Agosti England ilikuwa ikikubali kadi ya chanjo ya Marekani, kikaratasi kinachojazwa kwa kalamu na mhudumu, mradi msafiri athibitishe kuwa ni mkazi wa huko. Kama mwandiko wa kalamu ulitosha, cheti cha Kenya kilipungukiwa nini? Kenya iliongezwa kwenye orodha ya nchi ambazo vyeti vyake vilikubaliwa mwezi huohuo wa Oktoba.

Kwa maoni yetu, kinachostahili kutambuliwa ni chanjo yenyewe, popote ilipodungwa. Cheti cha homa ya manjano kimefanya hivyo miaka mingi: chanjo iwe imeidhinishwa na Shirika la Afya Duniani, cheti kianze kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote.

Korona, lakini, si homa ya manjano. Aliyechanjwa anaweza kuambukizwa na kuambukiza, ingawa hatari inapungua. Na aliyeambukizwa juzi huenda akapimwa leo asionekane na kitu, ndiyo maana kipimo cha siku ya 2 kilibaki hata kwa waliochanjwa. Kuwafutia hao karantini kulikuwa na mantiki; kuwafutia vipimo vyote kungekuwa kamari.

Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, ilipozuka mwishoni mwa Novemba, hata tofauti hiyo ilifutika. Aliyetoka Afrika Kusini na nchi nyingine 10 za orodha nyekundu, yaani zilizohesabiwa kuwa za hatari zaidi, awe amechanjwa au la, alilala hotelini siku 10 kwa pauni 2,285. Tarehe 15 Desemba nchi zote 11 ziliondolewa: kirusi kilikuwa tayari kinasambaa ndani ya Uingereza, miongoni mwa watu wasiosafiri kokote.