Serikali ikitaka mahindi yabaki, iyanunue

Mei 2017 unga wa ugali ulikuwa adimu Kenya. Serikali ya huko ililipia sehemu ya gharama ili pakiti ya kilo mbili iuzwe kwa shilingi 90, na meli iliyobeba mahindi kutoka Mexico ikatia nanga Mombasa. Mwezi uliofuata, mahindi mapya yakiwa yanavunwa Nyanda za Juu Kusini, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuyauza nje ya nchi. Anayetaka kuuza, ikasema, asage kwanza auze unga. Kutoka Namanga hadi Nairobi hakufiki hata kilomita 200. Mexico iko upande wa pili wa dunia.

Mijadala ya usalama wa chakula huanzia kwenye ukame, vita na ongezeko la watu. Mambo hayo yapo na yanaua. Ila lipo jingine linaloamuliwa mezani, kwa tangazo la siku moja: kufunga mpaka ili chakula kisitoke. Ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Julai 2025 inakadiria kuwa watu milioni 673 walikabiliwa na njaa mwaka 2024. Kwa dunia nzima idadi hiyo ilishuka kidogo, lakini Afrika ilipanda na kupita milioni 300, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Na dunia hiyohiyo huvuna zaidi ya tani bilioni 2.8 za nafaka kwa mwaka. Chakula kinalimwa. Swali ni kinapita wapi, kwa bei gani, na nani ana mamlaka ya kukizuia njiani.

Hoja ya wanaofunga mpaka ina uzito, na wanaoipinga huipita haraka mno. Chukua India. Julai 2023 ilizuia kuuza nje mchele mweupe usio wa basmati, na Agosti ikaweka ushuru wa asilimia 20 kwa mchele uliochemshwa kabla ya kukobolewa. Nchi hiyo ndiyo inayouza takriban asilimia 40 ya mchele unaovuka mipaka duniani, kwa hiyo kelele zilisikika kila mahali. Lakini serikali yake inagawa nafaka bure kwa watu zaidi ya milioni 800. El Niño, joto la bahari linalovuruga mvua, ilikuwa imeanza, bei za vyakula ndani zilikuwa zinapaa, na uchaguzi mkuu ulikuwa unakaribia. Kiongozi anayeruhusu mchele utoke huku watu wake wanashindwa kuununua atawaambia nini?

Kwetu hofu hiyo ina sura yake. Mkulima wa Sumbawanga anauza Julai kwa sababu ada ya shule na deni la mbolea havisubiri. Wengine huuza mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Mnunuzi anakuja na lori lake na bei yake, na wakati mwingine na rumbesa, gunia lililoshindiliwa hadi likapita kipimo halali. Ikifika Februari, kaya ileile iliyouza inarudi sokoni kununua debe kwa bei ya juu kuliko ile iliyouzia. Watu wengi hawalioni jambo hili: wakulima wadogo wengi wa Afrika Mashariki hununua chakula kwa miezi kadhaa ya mwaka. Kwa hiyo serikali inayotazama malori yakipanga foleni Tunduma ina sababu ya kujiuliza nani atavilisha vijiji hivyo kabla ya mavuno mengine.

Tena soko la dunia limetuonyesha mara nyingi kwamba halina udugu. Machi 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipoanza kusambaa, Vietnam ilisimamisha mikataba mipya ya kuuza mchele nje. Mei 2022 India ilizuia ngano, na kabla yake, Aprili, Indonesia ilikuwa imezuia mafuta ya mawese. Somalia, iliyokuwa ikipata karibu ngano yake yote kutoka Urusi na Ukraine, ilikutwa na vita vya Ulaya katikati ya ukame wa misimu mitano mfululizo. Sheria za biashara za kimataifa zenyewe, katika ibara ya 11 ya GATT, mkataba wa jumla wa ushuru na biashara, zinairuhusu nchi kuzuia kwa muda chakula kisitoke pale inapokabiliwa na upungufu mkubwa. Anayefunga mpaka, basi, anafanya jambo ambalo wakubwa hulifanya na sheria inalikubali.

Hadi hapo naafiki. Ninapotengana na hoja hiyo ni kwenye swali la nani analipia marufuku hiyo.

Mwaka 2007 na 2008 mavuno ya mpunga duniani yalikuwa mazuri. Hakukuwa na ukame wa kutisha uliofuta mashamba ya Asia. Lakini India ilizuia mchele Oktoba 2007, Vietnam na Misri zikafuata, na Ufilipino, ambayo ilikuwa mnunuzi mkubwa, ikaanza kununua kwa pupa ikiogopa kukosa. Tani ya mchele wa Thailand, iliyokuwa chini ya dola 400 mwanzoni mwa 2008, ilipita dola 1,000 kabla ya katikati ya mwaka. Haiti watu waliingia barabarani Aprili na waziri mkuu akaondolewa. Wachumi Will Martin na Kym Anderson walikokotoa baadaye kuwa karibu asilimia 45 ya kupanda kwa bei ya mchele katika kipindi hicho kulitokana na serikali zenyewe, kila moja ikijaribu kulinda soko lake. Ni blanketi moja kwa ndugu wanne: kila anayelivuta anapata joto kidogo na kumfunua mwenzake, naye huvuta kwa nguvu zaidi.

Kilichoizima taharuki ile kinafundisha kuliko vyote. Japani ilikuwa na akiba kubwa ya mchele ilioununua nje, ikiwamo Marekani, kwa sababu ya ahadi zake za kibiashara, na watu wake hawakuutaka sana. Mara tu ilipojulikana kwamba Marekani haitapinga mchele huo kuuzwa Ufilipino, bei ikaanza kushuka. Mchele wenyewe haukuwa umesafirishwa. Habari kwamba akiba ipo na inaweza kutoka ilitosha kuwatuliza wafanyabiashara.

Rudi kwa mkulima. Mpaka ukifungwa, bei ya kwanza kuanguka ni ya shambani. Mnunuzi anajua huna pengine pa kuuza, anakwambia hivyo usoni, na wewe unajua anasema kweli. Bei ya sembe Dar es Salaam inaweza kuchelewa sana kushuka, kwa sababu katikati kuna usafiri, kinu, mfuko na faida ya kila mmoja anayeushika. Mahindi nayo hayakai yote. Yanapita njia za panya usiku, na kila anayelipwa kufumba macho njiani analipwa kutoka kwenye bei ya mkulima. Msimu unaofuata mkulima huyo anapunguza mbolea au anapunguza ekari, akaweka alizeti au ufuta ambao hakuna waziri anayeuzuia. Hapo nchi iliyofunga mpaka ili iwe na mahindi mengi inajikuta na machache.

Kwa hiyo marufuku ya ghafla ni kodi. Inatozwa watu wa vijijini, ambao kwa wastani ni maskini kuliko wanaofaidika nayo mjini, na haikupita bungeni. Ingekuwa imeandikwa kwenye bajeti kwamba kila gunia la Ruvuma litakatwa kiasi fulani ili unga uwe rahisi mjini, wabunge wa Ruvuma wangesimama. Ikija kama tangazo la usalama wa chakula, kumpinga mtangazaji kunaonekana kama kuwaombea watu njaa.

Historia ina mfano mchungu kuliko huu. Katika njaa ya Bengal ya mwaka 1943, iliyoua watu wanaokadiriwa kufikia milioni 3, utawala wa Waingereza uliyaachia majimbo ya India yajizuilie nafaka. Majimbo jirani yaliziba njia, na bei za Bengal zikapaa huku ng'ambo ya mpaka wa jimbo zikiwa chini. Vita na uamuzi wa London vilibeba lawama kubwa, lakini vizuizi hivyo vya ndani vilizidisha mauti. Watu walikufa katika nchi moja, chini ya bendera moja, karibu na ghala la jirani.

Mpaka hufungwa pia kwa upande wa anayenunua. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Nakumbuka jinsi wengi wetu huku tulivyoliona kama fitina ya kibiashara. Lakini sumukuvu si hadithi. Mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kenya ilikuwa na haki ya kuiogopa. Haikuwa na sababu ya kuyazuia mahindi kwa barua ya siku moja, malori yakiwa tayari barabarani, kisha kulegeza ndani ya wiki kwa masharti ambayo ingeweza kuyatangaza tangu mwanzo: usajili wa wafanyabiashara na cheti cha kuonyesha kiwango cha sumu. Vurugu ya siku chache iliacha madereva wamekwama Namanga na madeni kwa watu wasiohusika na sumu yoyote.

Uzoefu wa 2024 unanipa tumaini. Ukame wa El Niño uliunguza mahindi Kusini mwa Afrika. Zambia ilitangaza janga la taifa mwisho wa Februari, Malawi na Zimbabwe zikafuata. Tanzania ilikuwa imevuna vizuri, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulikuwa na mahindi kwenye maghala na kwenye vihenge vya kisasa vilivyojengwa sehemu kama Sumbawanga, Mpanda, Songea na Makambako. Serikali ikakubaliana na Zambia kuiuzia tani 650,000. Jirani alipata chakula kwa barabara, mkulima akapata soko, na serikali ikajua ni kiasi gani kinatoka na kiasi gani kinabaki, kwa sababu ilikuwa imekinunua. Hicho ndicho ninachokitetea. Serikali ikitaka mahindi yabaki nchini, iyanunue kwa bei ya soko, iyahifadhi, na gharama hiyo ionekane kwenye bajeti ya wote. Kwa namna hiyo usalama wa taifa unalipiwa na taifa.

Wapinzani wa njia hii wana hoja ambazo haifai kuzificha. Kununua kunahitaji fedha Julai, si ahadi ya malipo. Wakulima wanaopanga foleni kwenye vituo vya kununulia na kulala na magunia yao nje wanajua tofauti hiyo. Ghala pia linaweza kuuzwa vibaya. Malawi iliuza karibu akiba yake yote ya mahindi kabla ya njaa ya 2002, kukiwa na tuhuma nzito za ufisadi, na watu wakafa. Hata India yenye uwezo mkubwa imeonyesha gharama ya upande wa pili: baada ya kuzuia mchele kwa zaidi ya mwaka, ghala za serikali zilifurika, ikafungua tena Septemba 2024, na mwaka 2025 bei ya dunia ikaporomoka kiasi cha kuwaumiza wakulima wa nchi nyingine kabisa. Hifadhi isiyo na hesabu ya wazi huzaa maumivu yake yenyewe. Ninaichagua pamoja na hayo, kwa sababu kosa la ghala linaweza kukaguliwa na mkaguzi wa hesabu za serikali. Hasara ya mkulima aliyefungiwa mpaka haiandikwi popote.

Lipo pia suala la muda. Nyanda za Juu Kusini hupanda Novemba na Desemba na kuvuna kuanzia Mei. Marufuku ya Juni inamkuta mkulima ameshanunua mbegu na mbolea kwa bei za soko lililo wazi. Makubaliano ya kilimo ya Shirika la Biashara Duniani yanazitaka nchi zitoe taarifa kabla ya kuzuia chakula kisitoke, lakini nchi zinazoendelea zimesamehewa, isipokuwa pale zinapokuwa wauzaji wakubwa kuliko wanunuzi wa zao husika. Msamaha huo ulikusudiwa kutusaidia, na matokeo yake ni kwamba majirani wanashtukizana. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo tangu 2010 ina itifaki ya soko la pamoja, inaweza kuziba pengo hilo bila kusubiri shirika hilo huko Geneva: kila nchi mwanachama itangaze kufikia Oktoba kiasi cha nafaka inachokusudia kuhifadhi na masharti ya vibali kwa msimu unaofuata, na isiyabadilishe katikati ya mavuno.

Najua utakuja mwaka ambao mvua itakosekana Rukwa, Kitale ya Kenya na Kasungu ya Malawi kwa pamoja, na mpango wowote wa Oktoba utakuwa karatasi. Mwaka huo nitakubali mpaka ufungwe, kwa masharti. Marufuku iwe na tarehe ya mwisho. Mahindi ya msaada yaruhusiwe kununuliwa, kama mawaziri wa biashara wa dunia walivyokubaliana Juni 2022 kuhusu Mpango wa Chakula Duniani. Serikali inunue kwa bei iliyokuwapo siku moja kabla ya tangazo. Na malori ambayo tayari yamepata kibali yaachwe yapite.