Huu Si Ufa

Katika uchoraji wa majengo kuna alama moja ndogo ambayo ofisini haijawahi kumdhuru mtu. Ni mstari mnyoofu wenye kona mbili kali katikati, mfano wa herufi Z iliyovutwa ncha zake, na kazi yake ni kumwarifu msomaji kwamba hapa kimeondolewa kipande cha ukuta kisicho na jambo jipya, ili mchoro uenee kwenye karatasi. Katika AutoCAD, programu ya kompyuta ya kuchorea, mstari huo huwekwa kwa amri moja tu. Mimi niliuweka kwa moyo mweupe kabisa kwenye mkato wa ukuta, yaani mchoro unaouonyesha ukuta kana kwamba umepasuliwa toka msingi hadi paa, wa nyumba ya mzee mmoja wa Ujiji, mstaafu wa reli.

Chanzo kilikuwa karatasi. Duka la kuchapia lililokuwa na umeme siku ile pale Mwanga, Kigoma, lilikuwa na karatasi za A4 peke yake, zenye urefu wa milimita 297, nami nilikuwa na msingi wa kina cha milimita 900, sehemu ya msingi inayoonekana juu ya ardhi 450, ukuta wa 3000 kuanzia sakafuni, na kipande cha paa cha 1200. Kwa skeli ya 1:20, yaani milimita moja ya karatasi kwa ishirini za nyumba, jumla hiyo inadai milimita 277 na ushei, hata kabla hujaweka pambizo na jina la mradi. Ningeweza kupunguza skeli, lakini plasta ya milimita 15 ingebaki nyembamba mno, na mimi plasta yangu napenda ionekane. Basi nikaondoa mita moja ya ukuta, juu kidogo ya usawa ambapo dirisha linaanzia, nikaweka ile alama, nikaandika 3000 pembeni, na chini kabisa nikaweka ile sentensi ambayo kila mchoraji huiandika na hakuna anayeisoma: fuata vipimo vilivyoandikwa, usipime kwa rula.

Mzee aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akavaa miwani, akaanza kuikagua kutoka chini kwenda juu. Zege la msingi akaliridhia. Jamvi, lile zege la sakafu, akaliridhia. Nailoni ya kuzuia unyevu akaiulizia bei, akaguna, akairidhia. Kidole kilipofika kwenye ile alama kikasimama.

"Kijana wangu, hiki ni nini?"

"Hapo pamekatwa, Mzee."

"Naona pamekatwa. Nauliza, nani ameukata ukuta wangu kabla haujajengwa?"

Nilimweleza habari ya karatasi na skeli kwa kirefu. Alinisikiliza kwa subira ya mtu aliyetembea miaka mingi juu ya mataruma akikagua reli, kisha akanijulisha kwamba ufa anaujua, kwamba ameutafuta maisha yake yote ya kazi, na kwamba ufa huanza hivyohivyo, kwa kikona. "Ziwa letu lenyewe la Tanganyika limekaa kwenye Bonde la Ufa," akasema, "kina chake kinapita mita 1,400. Na wewe unataka kuniongezea mwingine sebuleni?"

Tulipatana niandike maelezo kando ya alama. Nikapendekeza maneno ya kitaalamu. Akayakataa, akataka yanayoeleweka. Hivyo mchoro uliokwenda kwa mafundi ulikuwa na mshale, na kwenye mshale herufi kubwa: HUU SI UFA.

Nilipofika kwenye ujenzi baadaye nilizikuta kuta zote zimesimama kwa kimo kimoja, juu kidogo ya pale madirisha yanapoanzia, na mafundi wamekaa chini ya mwembe wakinywa uji. Fundi mkuu alinipokea kwa furaha. "Karibu, Injinia!" (Cheo hicho sina, lakini kwenye ujenzi mtu yeyote mwenye kompyuta ni injinia.) "Umetuletea ukurasa wa pili?"

Alikuwa amejenga mpaka mchoro ulipokatika. Nilipima kimya kimya kwa futi kamba yangu, na sharti nikiri kwamba alikuwa amesimama mahali penyewe kabisa, bila kuzidi hata tofali. Tatizo lake lilikuwa jingine. Alishapima kipande cha juu kwa rula, akajumlisha na cha chini, akapata ukuta wa mita mbili, na alitaka kujua kama mwenye nyumba amekubali, maana anaye mtoto wa kiume anayecheza mpira wa kikapu.

Saidia fundi mmoja alikuwa na msimamo wake. Alama hiyo ameiona kwenye uzio wa transfoma, chini ya picha ya fuvu, na hatapandisha tofali hapo mpaka watu wa umeme waje. Mwenzake aliyesoma maneno aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: kama si ufa, nani alikuwa amesema ni ufa?

Nilirudi nikachora upya kwa skeli ya 1:25. Jumla ikashuka hadi milimita 222, ukuta ukaenea wote, plasta ikakonda, na mstari nikaufuta. Nilipompelekea Mzee alifurahi sana, isipokuwa kwa jambo moja.

"Maneno yako wapi?"

"Mstari umeondoka, Mzee. Hayana kazi tena."

"Yarudishe. Mstari uende, maneno yabaki. Kesho mtu asije akatuzushia."

Mwenye nyumba ndiye mlipaji. Nikayarudisha, mshale ukielekea kwenye ukuta mzima usio na alama yoyote.

Kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, ile boriti ya juu ya madirisha, mkaguzi wa ujenzi alipokuja. Aliusoma mchoro, akausoma tena, akaizunguka nyumba taratibu akipapasa viungo vya matofali kwa ukucha, akachuchumaa kwenye kila pembe, kisha akaturudia.

"Huo ufa mnaousema uko wapi?"

"Haupo," Mzee akamjibu kwa fahari. "Si imeandikwa?"

Mkaguzi alimtazama, akanitazama mimi, akaenda kuizunguka nyumba upya, safari hii ameshika tochi.